Jerikani kuukuu ni bustani, ila kwanza uliza lilibeba nini

ARUA, Uganda

JERIKANI la njano la lita 20 huingia Arua likiwa limejaa mafuta ya kula. Mafuta yakiisha huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, huuzwa tena, kisha hubeba maji ya nyumbani kwa miaka. Likitoboka huzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto. Likitoboka tena mahali pasipozibika, hutupwa nyuma ya nyumba pamoja na beseni lililopasuka na sufuria iliyotoka kitako.

Kwa mchuuzi wa vyombo, hapo biashara imekwisha. Kwa mpangaji wa Ediofe mwenye ua wa hatua sita na asiye na shamba, ndipo inapoanza. Jerikani lisiloweza tena kushika maji linaweza kushika udongo. Mboga nazo hazitaki chombo kisichovuja. Zinataka kinachovuja, ili mizizi isizame.

Ediofe inajulikana West Nile nzima kwa kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, jimbo lililoundwa mwaka 1958, na kwa shule na kituo cha afya vilivyo jirani na kanisa hilo. Tangu Arua ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, mitaa ya pembeni kama hii imezidi kutazamwa kama sehemu za kujenga na kupangisha. Nyumba zikisogeleana, shamba la nyuma ya nyumba hupungua, na mboga iliyokuwa ikichumwa bure hugeuka kuwa kitu cha kununua kila jioni. Kutumia vyombo vikuukuu kama vitalu vya mboga ni jibu la bei nafuu kwa tatizo hilo.

Hata hivyo lipo swali moja ambalo mama wa Ediofe hawezi kulijibu akiwa peke yake: chombo hiki kilibeba nini kabla hakijanifikia? Anayeweza kulijibu ni mfanyabiashara aliyekinunua, mara nyingi upande wa pili wa mpaka. Jibu lake ndilo linaloamua kama mboga zitakazoota humo ni chakula au ni sumu ya polepole.

Vyombo vilivyokuja na biashara

Ni vigumu kupata mji wenye vyombo vya kila asili kama Arua. Kusini kuna kituo cha Vurra, njia ya kwenda Aru na soko kubwa la Ariwara katika jimbo la Ituri, Kongo. Kaskazini kuna Koboko, na mbele yake Oraba, ng'ambo ya Kaya iliyo Sudan Kusini. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92 tu, lakini inaunganisha nchi tatu. Karibu na Koboko kuna Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, lakini vyombo vilikuwa vikivuka hapa kabla ya mikataba hiyo. Walugbara wako Arua na wako Aru. Wakakwa wako Koboko, wako Kongo na wako Sudan Kusini. Mtu anayekwenda mnadani kwa shangazi yake ng'ambo huenda na jerikani tupu na kurudi nalo limejaa, au huenda nalo limejaa na kuliacha huko.

Hata jina la chombo hubadilika njiani. Uganda ni jerikani, Tanzania ni dumu, Kenya wengi husema mtungi, na Kongo utasikia bidoni, kutoka Kifaransa. Jerikani lenyewe ni mgeni: liliundwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya kubebea mafuta ya magari ya jeshi, likiwa la chuma na lenye ujazo wa lita 20. Waingereza, waliokuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry", wakaliiga na kulipa jina hilo. La plastiki lilikuja baadaye, na ndilo lililoingia kila nyumba.

Mambo ni hayo hayo kwa mboga. Majani ambayo Mtanzania huyaita mchicha, Mkenya huyaita terere, Mganda dodo na Mkongo lengalenga. Mfanyabiashara anayejua majina yote manne huuza mbegu ileile katika masoko manne.

Walioanza kabla ya Arua

Kulima ndani ya chombo si jambo geni Afrika Mashariki. Katika miji ya pwani, mrehani na maua hukua kwenye makopo yaliyopangwa barazani na juu ya mapaa. Kampala, kituo cha kilimo cha Kyanja kinachoendeshwa na mamlaka ya jiji huonyesha wakazi jinsi ya kulima mboga kwenye magunia, ndoo na vyombo vingine visivyohitaji shamba.

Mfano uliosikika mbali zaidi ni wa Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, chakula kilikuwa haba na bei zilipanda. Mwaka 2008 shirika la Ufaransa la Solidarités International lilianza kusaidia familia kulima sukuma wiki na spinachi kwenye magunia. Gunia moja lililosimama mlangoni lilibeba makumi ya miche, mingine juu na mingine kwenye matundu ya ubavuni.

Kwenye bustani hizo za magunia, kopo la zamani lina kazi yake. Kopo lililokatwa juu na chini husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo ukipanda pembeni yake, kopo huvutwa juu kidogo, likiacha nguzo ya kokoto ndani ya gunia. Maji yanayomwagwa juu hushuka kupitia nguzo hiyo na kuifikia miche ya chini. Bila nguzo hiyo, ya juu hunywa yote na ya chini hukauka.

West Nile yenyewe ina walimu wa jambo hili. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule, ambako kila familia hugawiwa kipande kidogo cha ardhi, makopo ya mafuta ya msaada hayatupwi. Hunyooshwa kuwa milango na mapaa, hugeuzwa vipimo vya sokoni, na hupandwa mboga.

Kila chombo na mboga yake

Kanuni ya kwanza ni kina cha udongo. Mchicha, vitunguu vya majani na majani ya kunde, ambayo Walugbara huyaita osubi, huridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20. Sukuma wiki huhitaji zaidi ya hapo. Nyanya, bilinganya na pilipili hutaka ujazo wa karibu lita 20 kwa mche mmoja. Ukiipanda miwili humo itagombania maji na yote itatoa matunda madogo.

Jerikani hutumika kwa namna mbili. Likikatwa ubavu mmoja na kulazwa, mpini ukiachwa, huwa kihori kirefu cha mchicha au osubi ambacho mtu mmoja anaweza kukihamisha. Likikatwa shingo na kusimamishwa, huwa chungu kirefu cha nyanya. Ile sehemu ya juu iliyokatwa haitupwi: ikigeuzwa huwa faneli.

Beseni lililopasuka ni pana lakini si refu, hivyo linafaa kusia miche kabla ya kuihamisha. Sufuria iliyotoboka inafaa kwa vitunguu na dania. Ubaya wake ni kwamba bati hushika joto, kwa hiyo isiwekwe kwenye jua la mchana kutwa. Chungu cha udongo kilichovunjika shingo ni bora kuliko vyote kwa upande wa joto, maana hupumua na kubaki baridi. Vigae vyake huwekwa juu ya tundu la chini ili maji yatoke na udongo ubaki.

Matundu ndiyo watu husahau. Jerikani lililolazwa linataka matundu matano au sita kwa chini, kila moja likiwa na upana wa kidole kidogo, yatobolewe kwa msumari uliopashwa moto. Chombo kiinuliwe juu ya mawe mawili ili matundu yasizibwe na ardhi.

Udongo wa shambani peke yake hushikamana ndani ya chombo na kuwa kama tofali. Mchanganyiko unaofaa ni makarai mawili ya udongo wa juu, karai moja la samadi iliyooza vizuri au mboji, na karai moja la mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maganda ya muhogo, ya ndizi na ya mayai yakiozeshwa kwenye chombo kingine kikuukuu hurudisha rutuba baada ya mavuno mawili au matatu, kwa sababu chombo hakina ardhi ya kuchota chini yake.

Kwa matunzo hayo, mchicha huanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kusiwa. Sukuma wiki huchukua wiki sita hadi nane, kisha huendelea kutoa majani kwa miezi ikichumwa kutoka chini. Nyanya huhitaji karibu miezi mitatu.

Maji ya kiangazi, na mbu

Thamani ya bustani ya vyombo huonekana kati ya Desemba na Machi, mvua zinapokata West Nile. Ndio wakati mboga hupungua sokoni na bei kupanda. Shamba la wazi hunywa ndoo nyingi na nusu yake hupotelea ardhini. Chombo hunywa kidogo, na maji ya kuoshea mchele au mboga yasiyo na sabuni yanatosha kwa vihori viwili vitatu. Nyasi kavu zikitandazwa juu ya udongo, maji hukaa muda mrefu zaidi.

Chupa ya plastiki ya maji au soda nayo ina kazi. Kizibo hutobolewa tundu dogo, chupa hujazwa maji, hugeuzwa na kuchomekwa karibu na mche. Maji hudondoka taratibu hadi mizizini. Kwa mfanyabiashara anayelala Ariwara siku mbili, chupa hiyo humwagilia akiwa safarini.

Chombo kisicho na matundu, au kilichotupwa kikielekea juu, ni hatari. Mbu wa aina ya Aedes hutaga katika maji machache yaliyotuama kwenye makopo na majerikani, na kwenye joto yai huweza kufikia mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku 10. Mbu hao ndio waenezaji wa homa ya manjano, ugonjwa uliothibitishwa West Nile, wilayani Moyo, mwanzoni mwa 2020. Kwa hiyo chombo kikuukuu nyuma ya nyumba hakina nafasi ya katikati: kitobolewe na kupandwa, au kiondolewe.

Historia inayobaki upande wa pili

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia, na ndipo kosa lake linapoweza kufika tumboni mwa mtoto wa mtu mwingine.

Jerikani la mafuta ya kula na jerikani la dawa ya magugu yanaweza kufanana kabisa. Yote ni ya plastiki ngumu ileile, ambayo kwa kawaida huwa na namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale kwenye kitako. Namba hiyo inaeleza aina ya plastiki tu. Haielezi kilichobebwa. Lebo ndiyo inayoeleza, na lebo ya karatasi hubanduka kwa maji ya kwanza.

Chombo kikiwa bado kwa mkulima aliyenunua dawa, kila mtu nyumbani anajua ni cha sumu. Kikiuzwa kwa mwokotaji, anayejua amebaki mmoja. Kikioshwa, kikafungwa kwenye mzigo wa majerikani 30 na kuvuka Vurra au Oraba juu ya pikipiki, hakuna tena anayejua. Mnunuzi wa mwisho huona jerikani safi la bei rahisi.

Kuosha hakusaidii vya kutosha. Dawa za kuua wadudu na magugu hupenya kidogo ndani ya plastiki yenyewe na kuendelea kutoka polepole. Mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa dawa hizo, unaosimamiwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na shirika la afya, WHO, unataka vyombo vyake visitumiwe tena kwa kitu kingine. Kinachoshauriwa ni kusuuza chombo mara tatu pale pale shambani, maji hayo yakimwagwa kwenye bomba la kunyunyizia dawa, kisha kukitoboa ili asipatikane wa kukitumia kwa maji wala chakula. Tundu hilo lina maana ya onyo. Mchuuzi anayekutana na jerikani zima lililotobolewa makusudi ajue kuna aliyelihukumu kabla yake, na asilinunue kwa ajili ya bustani kwa hoja kwamba bustani inataka matundu.

Pua nayo si shahidi wa kuaminika. Baadhi ya dawa za magugu hunuka sana, lakini glifosati, ambayo ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani, karibu haina harufu.

Wapo wakulima wanaotumia kipimo cha maharage: hujaza udongo kwenye chombo wanachokitilia shaka, hupanda maharage machache, na kusubiri wiki mbili au tatu. Majani yakijikunja au miche ikidumaa, kuna mabaki ya dawa ya magugu. Kipimo hicho kina upungufu mkubwa. Dawa ya kuua wadudu haidhuru maharage. Yatastawi huku sumu ikiwa bado imo. Maharage yakifa, yamesema ukweli. Yakiota, hayajathibitisha lolote.

Orodha ya vyombo visivyopandwa chakula inaishia kuwa fupi: vya dawa za wadudu na magugu, vya oili ya magari, vya asidi ya betri, vya rangi na vya dawa ya kuhifadhi mbao. Mifuko ya mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, waridi, kijani au bluu isiyo ya asili, imo humo pia. Mfuko wa mbolea ya kawaida unafaa ukisuuzwa. Kopo la rangi linaweza kupandwa maua, mbali na mboga, na mwenye nyumba aambiwe sababu.

Kwa lebo ambazo bado zimebaki, mkanda wa rangi ulio chini ni msaada hata kwa asiyesoma lugha iliyoandikwa. Nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, kisha bluu, na kijani ni ya chini kabisa. Kijani hapo hakimaanishi salama kwa chakula. Chombo chochote chenye mkanda huo hakiingii bustanini.

Mafungu matatu

Mfanyabiashara anayeshughulika na vyombo vilivyotumika anaweza kulinda jina lake kwa kuvitenga mafungu matatu pale anaponunua, kabla havijachanganyika safarini.

Fungu la kwanza ni vizima vilivyobeba chakula au maji, na vinauzwa kwa kazi hiyo hiyo. Fungu la pili ni vilivyobeba chakula au maji lakini vimetoboka, vimepasuka au vimepoteza vizibo. Hivi ndivyo vya bustani, na bei yake iwe chini ya fungu la kwanza lakini juu ya bei ya chakavu. Fungu la tatu ni vya sumu na visivyojulikana, na vinastahili kukaa pamoja. Chombo ambacho muuzaji anababaika kueleza asili yake kiingie fungu la tatu hata kama kinang'aa.

Kinachofuata ni alama. Kipande cha msumari wa moto kinatosha kuchora herufi kwenye plastiki, na alama hiyo haifutiki kama kalamu. Maneno MAFUTA YA KULA au SUMU yanaeleweka Arua, Aru na Ariwara. Neno sumu lenyewe limetokana na Kiarabu, hivyo si geni sana hata masikioni mwa wasemaji wa Kiarabu cha Juba kule Kaya. Uganda, ambayo baraza lake la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, bado inabishana jinsi ya kukifundisha shuleni. Mpakani, kazi yake ya kwanza inaweza kuwa hii: neno moja kwenye kitako cha jerikani.

Fungu la pili lina faida ambayo wengi hawaioni. Jerikani la bustani likikatwa, likitobolewa na kujazwa udongo ulio tayari, huuzwa kwa bei tofauti kabisa na jerikani bovu. Mwenye uwanja kidogo Arua au Koboko anaweza kuuza kihori chenye miche ya wiki mbili kwa mpangaji asiye na muda wa kutafuta samadi. Mteja huyo atarudi kwa mbegu, kwa mboji, na kwa kihori cha pili.

Forodhani

Kihori kilichopandwa kiuzwe upande kilikotayarishwa. Kuvusha miche yenye udongo mpakani ni jambo lingine. Udongo hubeba minyoo ya mizizi na vijidudu vya ugonjwa wa mnyauko wa nyanya, ambao ukiingia bustanini hukaa ardhini kwa miaka. Ndiyo maana miche, mbegu na mimea hai huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa wizara ya kilimo ya nchi inakotoka. Njia isiyo na usumbufu ni kuvusha vyombo vitupu, vikavu na vilivyopanguswa udongo, kisha kuvijaza vinakokwenda.

Wengi wamesikia juu ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unamhusu mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, yenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye bidhaa hizo hupata Cheti Rahisi cha Uasili pale pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi kodi nyingine za ndani wala ukaguzi wa afya ya mimea. Kwa vyombo vilivyotumika, mfanyabiashara aulize kwenye kituo atakachopita kama vimo kwenye orodha ya hapo, na aulize kabla hajanunua mzigo. Njia ya panya huonekana ya haraka, lakini mzigo ukikamatwa huko, mwenye kuupoteza ni aliyeubeba.

Hesabu ya jikoni

Chukua mama mpangaji wa Ediofe anayenunua mboga za shilingi 1,000 kila jioni. Kwa mwezi wa siku 30 ametoa shilingi 30,000 kwa majani ya kulia enyasa. Akiwa na vihori sita, vilivyopandwa kwa zamu ili viwili vichumwe wakati viwili vinakua na viwili vimesiwa, hatamaliza gharama hiyo yote. Lakini akipunguza safari za sokoni hadi siku 20 kwa mwezi, amebakiza shilingi 10,000. Kwa mchuuzi mdogo, kiasi hicho kinaweza kuwa nauli au nyongeza ya mtaji wa nyanya za siku moja.

Vihori hivyo havidumu milele. Jua hukausha plastiki, na baada ya miaka michache jerikani huanza kumeguka vipande likishikwa. Kivuli cha mchana huongeza maisha yake. Linapoanza kumeguka liondolewe, udongo wake uhamishiwe chombo kingine, na plastiki ipelekwe kwa wanunuzi wa chakavu kabla vipande havijazagaa udongoni. Isichomwe moto, kwa kuwa moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya majirani. Sufuria na mabati yana soko la chakavu hata yakiwa vipande.

Safari ndefu ya chombo, kutoka kiwanda cha mafuta hadi jikoni, kutoka jikoni hadi bombani, kutoka bombani hadi bustanini, inawezekana bila kumdhuru mtu. Inahitaji kila anayekiuza amweleze anayekinunua kilichokuwemo. Sokoni Ariwara, swali hilo ni fupi na halina gharama: lilibeba nini? Asiyepata jibu aache jerikani hilo kwa mwenyewe.